Kijana Anayetamani Kufa: Tumjibu Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa uhai pasi na sisi kuuomba, na atakayeutwaa kwa wakati aliouweka Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, jambo tutakalolisema katika waraka huu ni zito, na wengi wetu hupenda kulinyamazia. Nalo ni hili: wako katika vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaokwenda skuli asubuhi na chuoni alasiri, ambao wamechoka na dunia kabla ya kuijua, na nafsi zao zinawaambia wajitoe roho. Shirika la Afya Duniani limehisabu kuwa kila mwaka watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua ulimwenguni. Na kwa wenye umri baina ya miaka 15 na 29, kujiua ni sababu ya tatu katika sababu kubwa za vifo. Asidhani mtu kuwa miji yetu ya pwani, kwa kuwa adhana yasikika kila pembe, imesalimika na balaa hili.

Nitaanza kwa kujishitaki nafsi yangu. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa msikitini, kitabu changu ki mbele yangu, akanijia kijana wa sekondari, umri wake kiasi cha miaka 16. Akanitolea salamu, akakaa, akaniuliza: "Maalim, mtu aliyejiua husaliwa?" Nikafurahi kuona kijana ashughulika na fiqhi. Nikamweleza kwa urefu: kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi huoshwa, akakafiniwa, akasaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu, kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakumsalia mtu mmoja wa namna hiyo, kama alivyopokea Jabir bin Samura katika Sahihi Muslim, na kwamba wanavyuoni wengi wamelifahamu jambo hilo kuwa ni onyo kwa walio hai. Kisha nikamtajia hadithi za adhabu. Akanishukuru, akenda zake, nami nikarudi kwenye kitabu changu.

Baada ya siku chache nikapata khabari kuwa kijana yule alikuwa akiulizia nafsi yake. Mwenziwe mmoja wa darasani aliiona hali yake imegeuka, akamuuliza waziwazi, kisha akamshika mkono hata kwa mwalimu wao. Mwalimu akawaita wazazi, na wazazi wakampeleka kwa daktari. Leo yu hai, al-hamdu lillahi, na khabari hii naiandika kwa idhini yake na idhini ya wazazi wake. Kila nilichomjibu siku ile kilikuwa sahihi kitabuni. Lakini mtoto wa darasani alijua la kuuliza, na mimi niliyesoma zaidi ya miaka 20 sikujua. Toka siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: anapotujia kijana anayetamani kufa, tumjibu nini?

HUKUMU YAKE

Kwanza yafaa ijulikane kuwa hukumu ya sharia haikubadilika wala haitabadilika. Roho ni amana, na kujiua ni haramu na ni katika madhambi makubwa. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu ametukataza kuziua nafsi zetu, na papo hapo akatukumbusha kuwa Yeye ni Mwenye kutuhurumia. Kitisho cha Moto kimekuja katika aya inayofuata, kwa mwenye kuyafanya hayo kwa uadui na dhulma. Walakini katazo lenyewe limefungwa na huruma. Basi katazo hili ni ua uliojengwa ukingoni mwa shimo na Mwenye kuwahurumia waja wake. Sisi tumeung'oa ufito wa ua huo, tukaufanya bakora ya kumpigia aliyekwisha kuteleza.

Wala aliyekufa kwa jambo hili hakutoka katika Uislamu. Imam Muslim amepokea kisa cha mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr kwenda Madina. Mtu huyo akaugua, akashindwa kuvumilia, akaidhuru mikono yake hata akafa. Tufayl akamuota yumo katika hali njema, ila ameifunika mikono yake. Akamwambia kuwa amesamehewa kwa sababu ya kuhama kwake, lakini kilichoharibiwa hakikutengenezwa. Tufayl alipomsimulia Mtume (S.A.W.) ndoto hiyo, Mtume akaiombea msamaha ile mikono pia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameifanya hadithi hii kuwa hoja kubwa kwamba mwenye kujiua hakufuru kwa kitendo hicho. Basi ulimi unaowaambia wazazi waliofiliwa kuwa mtoto wao ni wa Motoni umejipa ilimu isiyokuwa yake. Wazazi hao wapewe taazia kama wanavyopewa wengine, na maiti wao aombewe dua.

JAWABU ALIYOPEWA BIBI MARYAM

Tuifungueni Qur'ani, Surat Maryam, kutoka aya ya 23 hata ya 26. Bibi Maryam yuko peke yake, uchungu umemleta hata kwenye shina la mtende, na mbele yake ziko ndimi za watu. Hapo alitamani lau angalikufa kabla ya hayo, akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Na huyu ni mteule wa Mwenyezi Mungu, aliyetakaswa juu ya wanawake. Hapa pana funzo kwetu: kutamani kufa kwaweza kuupata hata moyo wenye imani. Mwenye kumwambia kijana aliyezidiwa na huzuni kwamba hana dini, amemzidishia mzigo kwa maneno yasiyo ya kweli.

Na jawabu aliyopewa Bibi Maryam ilikuwa nini? Aliitwa na sauti ya karibu, ikamwambia kwanza asihuzunike. Kisha akaonyeshwa kijito cha maji. Kisha akaambiwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu. Ale, anywe, na moyo wake utulie. Na juu ya watu, akafundishwa neno la kuwajibu, kwamba amefunga na hatasema na mtu siku ile. Hii ndiyo tartibu aliyotufunza Mola wetu: kumkaribia mwenye dhiki, kumliwaza, kuutazama mwili wake, na kumkinga na ndimi za watu. Karipio hamna.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alipita njia hiyo hiyo. Katika hadithi ya Anas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, amekataza mtu asitamani mauti kwa dhara iliyompata. Lakini hakumwacha aliyezidiwa na katazo peke yake. Amemfunza dua ya kuomba: abakishwe hai maadamu uhai ni kheri kwake, na afishwe ikiwa kufa ni kheri kwake. Amempa neno la kusema. Kadhalika katika Musnad ya Imam Ahmad, Abu Umama amesimulia khabari ya kijana aliyekuja mbele ya watu akaomba ruhusa ya zinaa. Watu wakamkemea. Mtume (S.A.W.) akamwita karibu, akamkalisha, akamuuliza suali baada ya suali, kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Akatoka pale moyo wake haulielekei tena jambo lile. Lau angaliachiwa wakemeaji, angaliondoka vile vile alivyokuja.

DALILI, NA NAMNA YA KUULIZA

Wazee wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi haya yana dalili zake. Kijana aliyekuwa mcheshi hujitenga. Huyaacha aliyokuwa akiyapenda. Usingizi wake na chakula chake hugeuka. Masomo yake huanguka ghafla. Husema kuwa yeye ni mzigo kwa watu wake, au kuwa karibu mtapumzika naye. Hugawa vitu vyake alivyovithamini. Huuliza sana khabari za kifo, kama yule alivyoniuliza mimi. Dalili moja peke yake huenda isiwe kitu. Zikikusanyika, au zikija baada ya msiba, talaka ya wazazi, kudhulumiwa mwili, kuchekwa na wenziwe au kuanguka mtihani, hapana budi kuulizwa.

Watu wengi huogopa kuuliza, wakadhani kuwa kulitaja jambo ni kulipanda moyoni. Dhana hiyo imejaribiwa ikaonekana si kweli. Mwaka 2005 ilichapishwa Marekani khabari ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Walioulizwa juu ya kujiua hawakuzidi fadhaa wala fikira hizo kuliko wasioulizwa. Na waliokuwa na dhiki tangu hapo, kuulizwa hakukuwadhuru. Basi muulize mtoto wako kwa upole na kwa maneno yaliyo wazi: "Mwanangu, naona umechoka. Je, huwa wafikiria kujitoa roho?" Kisha nyamaza umsikilize hata amalize. Usimpigie kelele, usimlinganishe na nduguye, wala usimwahidi kuwa utaifanya siri. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake. Dawa na sumu za wadudu zilizo nyumbani zifungiwe mbali naye, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

NYUMBANI

Ndugu zangu wazazi, tujitazame. Mtoto aingia nyumbani, na neno la kwanza analolisikia ni alama zake. Katika mtihani wa kumaliza sekondari wa mwaka 2024 watahiniwa walikuwa zaidi ya laki tisa, na waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu, walikuwa kiasi cha robo yao. Je, hao robo tatu tuwazike? Riziki ya Mwenyezi Mungu haikuandikwa katika karatasi ya mtihani. Wako mafundi, manahodha, wafanya biashara na walimu wa Qur'ani wanaotunza nyumba kubwa, na alama zao hakuna azikumbukaye. Kumhimiza mtoto asome ni wajibu. Kumfanya aone kuwa thamani yake kwetu ni alama zake ni dhulma. Anas alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi toka utoto wake, akatoa ushahidi kuwa hakusikia kwake hata neno la kuguna. Ni nani katika sisi ambaye mtoto wake aweza kumtolea ushahidi huo kwa siku kumi?

Na liko jambo jingine la nyumbani ambalo lazima lisemwe. Mtoto akibadilika hali, wengi hukimbilia kwa mganga. Huambiwa ana pepo, akafungwa hirizi, akanyweshwa makombe, na miezi ikapita. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Wala hatukatazi mgonjwa kusomewa Qur'ani na kuombewa dua kwa njia ya sharia. Tunalolikataza ni kula mali ya watu kwa uwongo na kumchelewesha mgonjwa na tiba. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akabainisha ndani yake huzuni yenye sababu inayojulikana, na huzuni isiyojulikana sababu yake ambayo asili yake ni mwilini, na kila moja akaitajia tiba yake. Zaidi ya miaka elfu imepita tangu wazee wetu waliyajua haya, na sisi leo twaona haya kumpeleka mtoto hospitali!

CHUONI NA SKULINI

Mtoto hukaa skuli na chuoni saa nyingi kuliko anazokaa na babake. Kwa hivyo walimu wana sehemu kubwa katika jambo hili, na sisi wa vyuo kabla ya wengine. Sharia ya Kenya ilikataza bakora katika skuli mwaka 2001, lakini viko vyuo ambavyo kiboko kingali ndicho maalim wa pili. Mtoto anayekuogopa hatakueleza dhiki yake hata siku moja.

Na huenda mtu akauliza: je, skuli yaweza kuzuia jambo hili kwa kufundisha? Jambo hilo nalo limejaribiwa. Katika nchi 10 za Ulaya zilichukuliwa skuli 168 zenye wanafunzi 11,110, wengi wao wa kiasi cha miaka 15, zikagawanywa mafungu manne. Fungu la kwanza walimu wao walifunzwa kuzijua dalili. La pili wanafunzi wao walijaza maswali, na waliohofiwa wakapelekwa kwa wataalamu. La tatu walifunzwa wanafunzi wenyewe, kwa vikao vichache, namna ya kukabili huzuni na dhiki, namna ya kumsaidia mwenzao, na pa kupata msaada; wakazungumza na kuigiza mambo hayo wao kwa wao. La nne waliwekewa mabango ukutani tu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2015 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Baada ya mwaka mmoja, katika lile fungu la mabango waliojaribu kujiua walikuwa kiasi cha 15 katika kila 1,000. Katika fungu waliofunzwa wanafunzi wenyewe walikuwa 7. Yale mafungu mengine mawili hayakuonyesha tofauti kubwa na la mabango.

Ulaya si kwetu, na vijana wao si vijana wetu katika kila jambo. Lakini nilipoisoma khabari hii nilimkumbuka yule mwanafunzi aliyemshika mwenziwe mkono. Kijana aliye katika dhiki humwambia kijana mwenziwe kabla ya kumwambia mzee yeyote. Basi huyo mwenziwe afunzwe la kufanya: amuulize, asimcheke, asimwache, na asiifiche siri ya namna hiyo hata kama ameapishwa, bali aipeleke kwa mtu mzima anayemwamini. Haya ni mafunzo ya saa chache, na hayataki fedha nyingi. Katika Surat Al-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amemfanya mwenye kuokoa nafsi moja kuwa mfano wa aliyewaokoa watu wote. Hapakutajwa umri wa mwokoaji.

Kwa hivyo tunawaomba walimu wakuu wa skuli na wasimamizi wa vyuo watie mafunzo haya katika ratiba zao, na kila skuli na kila chuo kiwe na mwalimu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke wanaojulikana na watoto kuwa milango yao i wazi. Khasa siku za kutoka matokeo ya mitihani, walimu wasikae majumbani mwao. Wawatafute walioanguka kabla ya kuwapongeza waliopita.

BAADA YA KUOKOKA

Aliyejaribu akaokoka ana hatari ya kurudia, na anahitaji watu zaidi kuliko alivyowahitaji kabla. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sharia ya jinai ya Kenya kilimfanya mtu huyo kuwa mkosaji wa kushitakiwa, na kifungo chake hata miaka miwili. Kwa sababu hiyo jamaa walificha, na mgonjwa akakosa dawa. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahkama Kuu ilihukumu kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Hukumu hiyo haikuihalalisha haramu. Maana yake ni kwamba mgonjwa apelekwe kwa daktari wala si kwa polisi. Kwa walio Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina sehemu ya maradhi ya akili. Na mtoto popote alipo Kenya, au mtu mwenye khofu juu ya mtoto, aweza kupiga simu nambari 116 bila ya malipo, usiku na mchana.

Nasi mtaani tuzuie ndimi zetu. Tusimnyooshee kidole mtoto wa watu, wala tusizichambue khabari za nyumba yake barazani. Tumwalike darasani, tumpe kazi ya kufanya, tumuulizie anapokosekana safu za sala.

Ndugu zangu, siwezi kuirudisha alasiri ile. Lakini kijana wa pili akija kwangu na suali kama lile, nitakifunga kitabu, nitamsogeza karibu, na kabla ya kumjibu hukumu ya aliyekufa nitamuuliza hali yake yeye aliye hai. Nakuombeni na nyinyi mfanye hivyo, nyumbani kwenu, na usiku huu huu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu, zitulize nyoyo zao, zilainishe ndimi zetu kwao, na uwarehemu waliotangulia katika huzuni. Amin.

Wabillahit tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.